Magari Yakigongana kwa Nyuma kwa Msururu: Nani Ana Kosa, na Bima ya Nani Inalipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Kigoma

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye gari lake limejikuta kwenye msururu wa magari yaliyogongana kwa nyuma, na sasa kila dereva anamnyooshea mwenzake kidole. Mifano ni ya Kigoma kwa sababu huku ndiko ninakofuatilia madai haya, ila sheria ni zilezile za Tanzania Bara yote.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine. Kwenye ajali ya msururu usihesabu magari, hesabu vishindo. Kila kishindo kina aliyegonga na aliyegongwa, na kila kimoja kinaamuliwa peke yake. Watu wengi wanapoteza haki yao kwa kukubali ajali nzima ifungwe kwa sentensi moja, "wa nyuma alipe" au "kila mtu atengeneze la kwake".

Je, anayegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa siku zote?

Mara nyingi, ndiyo. Dereva anatakiwa aache nafasi ya kutosha ili gari la mbele likisimama ghafla naye aweze kusimama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kwenye makazi ya watu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80 linakula mita 22. Kuona taa nyekundu mbele yako na kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki kunachukua sekunde nzima au zaidi, na muda wote huo gari halijapungua mwendo hata kidogo. Weka juu yake lami iliyoloa, matairi yaliyokwisha na mzigo wa saruji nyuma, utaona kwa nini aliyegonga ndiye anayetakiwa kujieleza kwanza.

Lakini kujieleza kwanza si sawa na kuhukumiwa. Maelezo yake yakishikika, kosa linaweza kugawanywa, na mara nyingine likahamia kwa mtu mwingine kabisa.

Nilikuwa nimesimama. Nikagongwa nyuma, nikasukumwa, nikamgonga wa mbele yangu. Nalipa mimi?

Kama ulishasimama na uliacha nafasi, hapana. Gari lako hapo lilikuwa nyundo mkononi mwa mtu mwingine.

Chukua tukio la aina inayojirudia kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kushuka kuelekea stesheni. Bajaji imesimama kumshusha mama mwenye ndoo ya dagaa. Noah nyuma yake ikafunga breki ikasimama. Probox nyuma ya Noah nayo ikasimama. Canter iliyobeba saruji ikashindwa kusimama, ikaipiga Probox, na Probox ikaingia kwenye mkia wa Noah. Mwenye Noah anashuka, anageuka nyuma, anachokiona ni Probox imemganda. Basi anaanza kumdai mwenye Probox. Simlaumu, maana hicho ndicho kilichomgusa. Ila kwa mtiririko huo, mwenye Canter ndiye anayebeba yote matatu: nyuma ya Probox, mbele ya Probox, na nyuma ya Noah.

Upande wa Canter watajaribu kusema Probox ilisimama karibu mno, na kwamba ingeacha nafasi isingefika kwenye Noah. Hoja hiyo huwa na uzito mdogo kwenye foleni ya mjini, na huwa na uzito mdogo zaidi kama Canter ilikuja na kasi ambayo ingeisukuma Probox hata kama ingekuwa mbali kidogo. Hata hivyo jiandae kuijibu. Ukisimama nyuma ya mtu, hasa mlimani, simama mahali ambapo bado unaona matairi yake ya nyuma yakigusa lami.

Na kama mimi ndiye niliyemgonga wa mbele kwanza, kisha nikagongwa nyuma?

Hapo kuna vishindo viwili, na kila kimoja na mwenyewe. Cha kwanza ni chako, kwa hiyo mkia wa gari la mbele na pua ya gari lako vinakuhusu wewe. Cha pili ni cha aliyekugonga, kwa hiyo mkia wako unamhusu yeye. Kuwa na kosa mbele hakukuondolei haki ya kudai nyuma. Nimeona watu waungwana kabisa wakiacha kudai kwa sababu tu "na mimi nilimgonga mtu". Hiyo si sababu.

Ugumu unakuja pale kishindo cha pili kinapokusukuma tena kwenye gari la mbele ambalo ulishaligonga. Uharibifu wa kwanza na wa pili unakaa mahali pamoja, na mtathmini wa bima inabidi akadirie kipi ni kipi. Mgawanyo wake hauwezi kuwa wa kipimo kamili. Kinachosaidia ni ushahidi wa nguvu ya kila kishindo, na hilo ndilo swali linalofuata.

Wanajuaje kama kilikuwa kishindo kimoja au viwili?

Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa, na majibu yake yako barabarani kwa muda mfupi tu kabla magari hayajavutwa.

Kwanza ni watu waliokuwa kwenye gari la mbele kabisa. Wao hawana sababu kubwa ya kumpendelea yeyote kati ya walio nyuma, na mwili wao ulihisi. Waulize: ulisikia kishindo kimoja au viwili? Kama walisikia mlio nyuma yao kwanza, kisha wakapigwa mara moja, hiyo inaashiria gari la katikati lilisukumwa. Kama walipigwa, wakatulia kidogo, wakapigwa tena, hadithi ni nyingine. Waandike majina na simu zao kabla hawajapanda bodaboda kuondoka, na kila mmoja aulizwe peke yake, kwa sababu watu wakikaa pamoja kumbukumbu zao huanza kufanana.

Pili ni gari la katikati lenyewe. Likiwa limebondeka sana nyuma na kidogo mbele, kuna uwezekano mkubwa lilisukumwa. Likiwa limeumia zaidi mbele, ni vigumu kushawishi mtu kwamba lilikuwa limesimama tuli.

Tatu ni kimo cha alama, na hapa naomba usome taratibu. Gari likifunga breki kali, pua yake inainama na mkia wake unanyanyuka. Gari lililogonga huku likifunga breki litampiga mwenzake chini zaidi, mara nyingi pua yake ikipenya chini ya bampa. Gari lililokuwa limesimama kisha likasukumwa huwa linapiga karibu na kimo chake cha kawaida. Angalia bampa la plastiki la gari la mbele. Boliti za pleti namba ya gari la nyuma huacha vitobo viwili vidogo, au mikwaruzo miwili. Chukua futi ya fundi, pima kutoka ardhini hadi kwenye vitobo. Kisha gari la nyuma likiwa kwenye usawa, pima kutoka ardhini hadi kwenye boliti zenyewe. Vipimo vikilingana, pua haikuwa imeinama. Vitobo vikiwa chini kuliko boliti, dereva wa nyuma alikuwa bado anahangaika na breki alipogonga. Piga picha futi ikiwa inaonekana. Kipimo hiki peke yake hakimalizi kesi, ila kikiungana na maneno ya abiria kinakuwa na nguvu sana.

Nne ni tope. Kishindo hukung'uta tope kavu lililoganda chini ya madigadi, na huku kwetu tope ni jekundu, linaonekana vizuri juu ya lami. Rundo la tope na vioo linaonyesha mahali kishindo kilipotokea, si mahali magari yalipoishia. Marundo mawili yaliyoachana yanaeleza jambo.

Kuna pia taa. Balbu za breki za kizamani, zile zenye waya ndani, zikipata kishindo huku zimewaka, waya wake wa moto hulainika na kujinyoosha. Zikiwa zimezimwa, waya hukatika vivi hivi bila kujinyoosha. Kama kuna ubishi kwamba taa zako za breki hazikuwaka, usitupe balbu hata kama imevunjika kioo. Kwa taa za LED njia hii haifanyi kazi.

Kamera ya kwenye dashibodi, ukiwa nayo, inafupisha maneno yote haya. Na kama ajali imetokea karibu na sheli au duka lenye kamera, nenda siku hiyohiyo ukawaombe waihifadhi video, kwa sababu mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache.

Je, wa mbele kabisa anaweza kuwa na kosa?

Anaweza. Hizi ndizo hali ninazokutana nazo:

Alirudi nyuma. Kwenye milima yetu hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Dereva anasimama kwenye mlima, anaachia breki kabla klachi haijashika, gari linateremka mita moja na kumgonga aliye nyuma yake. Kisha anashuka na kusema amegongwa. Alama za matairi, kimo cha alama na abiria wa nyuma ndivyo vitakavyosema.

Aliingia ghafla mbele ya mtu. Aliovateki, akakata kushoto na kufunga breki kwenye nafasi ambayo mwenzake alikuwa ameiacha kwa ajili ya usalama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukosa nafasi ambayo wewe ndiye umeila.

Alisimama katikati ya barabara kuchukua abiria. Michomoko, yaani magari madogo yanayobeba abiria kwa nauli, na bodaboda hufanya hivi kila siku kati ya Mwanga na Ujiji. Aliye nyuma bado anatakiwa kuwa makini, ila kosa lote halitabaki kwake.

Taa za breki hazikuwaka, au gari liliharibika usiku na likaachwa barabarani bila taa wala pembe tatu za tahadhari. Kwenye barabara ya Kigoma kwenda Kasulu, gizani, matawi ya miti yaliyowekwa barabarani ni bora kuliko kutoweka kitu, lakini si mbadala wa pembe tatu.

Kosa likiwa la wengi, mahakama inaligawa kwa sehemu. Msingi wake ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria kuhusu Ajali za Vifo na Mambo Mengineyo, Sura ya 310. Inaruhusu fidia ya mtu aliyechangia kosa ipunguzwe kulingana na mchango wake badala ya kunyimwa yote, na inaruhusu waliokosea pamoja kudaiana wao kwa wao. Bima nazo zinafuata hesabu hizohizo zinapokaa mezani.

Dereva wa Canter anasema breki zilikata. Je, hiyo inamwondolea kosa?

Kwa kawaida hapana. Mwenye gari ana wajibu wa kulitunza. Atatakiwa kuonyesha kwamba alilifanyia matengenezo na kwamba hitilafu hiyo isingeweza kugundulika mapema. Mkaguzi wa magari wa polisi ataangalia breki, kwa hiyo usikubali gari hilo lipelekwe gereji kabla halijakaguliwa.

Nifanye nini palepale barabarani?

Majeruhi kwanza. Mpeleke hospitali, Maweni au kituo cha karibu, na fomu ya PF3 ya polisi ifuatiliwe mapema. Usiache kuichukua eti kwa sababu mtu anatembea vizuri. Maumivu ya shingo baada ya kugongwa nyuma mara nyingi huanza kesho yake.

Kama kuna aliyefariki au kuumia, magari yasisogezwe mpaka trafiki afike, isipokuwa kwa kuokoa maisha. Kama ni mabati tu na barabara imefunga, piga picha kwanza: msururu mzima kutoka mbele, kutoka nyuma na ubavuni, kisha kila pengo kati ya bampa na bampa, matairi yamegeukia wapi, vioo na tope barabarani. Picha za karibu za mkwaruzo mmoja mmoja zije baadaye. Watu hupiga picha za gari lao tu, halafu baadaye hakuna anayeweza kusema gari la tatu lilikuwa wapi.

Chukua pleti namba zote, leseni za madereva, stika za bima na simu za wenye magari. Katika msururu wa magari matano, chukua ya yote matano, hata la mwisho ambalo halikukugusa. Inawezekana ndilo lililoanzisha yote.

Na usiseme "kosa langu, nitalipa". Pole unaweza kutoa, na ni uungwana. Lakini mikataba ya bima kwa kawaida inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na kampuni inaweza kukuachia mzigo wako kwa neno hilo moja.

Trafiki ameandika kwamba kosa ni langu. Ndiyo imekwisha?

Haijakwisha. Kazi ya trafiki ni kuchunguza ajali na kuangalia kama kuna kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Nani amlipe nani ni suala la madai, na linaamuliwa na makubaliano kati ya bima au na mahakama. Taarifa ya polisi ni ushahidi mzito, na bima itaanza nayo, ila unaweza kuleta ushahidi wako.

Angalia ramani ya ajali aliyoichora kabla hujaondoka. Imeonyesha magari yote? Imeonyesha mpangilio sahihi? Kama haionyeshi, sema kwa adabu, na hakikisha maelezo yako ya maandishi yanataja idadi ya vishindo. Ukishaandika maelezo, yasome upya kabla ya kusaini.

Kuwa makini na notifikesheni ya 30,000, yaani karatasi ya faini ya papo kwa papo ya trafiki. Watu wanailipa haraka ili waondoke, na kesho yake karatasi hiyo inaletwa mezani kama dalili kwamba walikubali kosa. Vivyo hivyo kukiri kosa mahakamani kwenye kesi ya trafiki ili "yaishe": hukumu ya jinai inaweza kutumika dhidi yako kwenye kesi ya madai. Kama hukukosea, usikubali kwa ajili ya kuwahi nyumbani.

Bima inahitaji karatasi gani?

Fomu ya madai ya kampuni, leseni ya dereva, kadi ya gari, hati ya bima, taarifa ya polisi (PF90), ripoti ya ukaguzi wa gari (PF93), ramani ya ajali, picha na makadirio ya gereji. Kwa majeruhi, PF3 na ripoti ya daktari. Usianze matengenezo kabla mtathmini hajaliona gari au kampuni haijakuruhusu kwa maandishi. Kama kampuni haina tawi Kigoma, mtathmini anaweza kuchelewa. Mwandikie wakala wako ujumbe wa kumkumbusha na uuhifadhi.

Bima ndogo na bima kubwa zinafanyaje kazi kwenye msururu?

Bima ndogo, ile ambayo wenye magari madogo binafsi wengi wameizoea kwa 118,000 pamoja na kodi, inalipa watu uliowaumiza au kuwaharibia wewe. Haitengenezi gari lako. Bima kubwa inalipa hao na gari lako pia, hata kama kosa ni lako, baada ya kutoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unakuachia ukibebe mwenyewe.

Turudi kwenye ule mteremko, tuongeze IST iliyokuja kuipiga Canter kwa nyuma. Noah haina bima kabisa, Probox na Canter zina bima ndogo, IST ina bima kubwa. Tuseme imethibitika Probox ilisimama yenyewe, Canter ikaisukuma, kisha IST ikaipiga Canter bila kuisogeza.

Bima ya Canter inalipa Probox yote, mbele na nyuma, na inalipa mkia wa Noah. Pua ya Canter hakuna anayeilipa, kwa sababu mwenye Canter alikosea na bima yake ni ndogo. Bima ya IST inalipa mkia wa Canter, na inatengeneza IST yenyewe. Noah kutokuwa na bima ni kosa la kisheria na mwenyewe anaweza kushtakiwa, lakini hakumwondolei haki ya kulipwa na aliyemharibia. Hili watu hawaliamini mpaka waone.

Sasa badilisha jambo moja tu: Probox iligonga Noah kwanza, ndipo Canter ikaja. Tuseme kutengeneza Noah ni 1,500,000 na watathmini wamekubaliana theluthi moja ilitokana na kishindo cha kwanza. Bima ya Probox inalipa 500,000, ya Canter inalipa 1,000,000. Pua ya Probox anaibeba mwenyewe, isipokuwa ile sehemu itakayothibitika iliongezwa na msukumo wa Canter.

Ukiwa na bima kubwa na hukukosea, unaweza kuchagua kulipwa na kampuni yako haraka, kisha yenyewe ikamdai mkosaji. Wape ushirikiano wote na usisaini popote kwamba umemsamehe mkosaji, kwa sababu unakuwa umewafungia mlango wao. Waulize pia kiasi ulichojibebea kitarudishwaje wakishalipwa.

Uharibifu ukizidi kiwango cha bima ya mkosaji?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha bima kwa ajili ya vifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali unakuja kupitia mkataba, na mkataba una kikomo. Katika msururu, magari matatu yaliyoharibiwa kwa kishindo kimoja cha lori moja kwa kawaida yanagombea kikomo kilekile. Kinachozidi kinadaiwa kwa mwenye lori mwenyewe. Na mwenye lori anawajibika kwa dereva aliyemwajiri, kwa hiyo usikubali kuambiwa "mtafute dereva".

Kwa sababu hii, peleka dai lako mapema.

Bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu gani?

Dereva hana leseni ya daraja husika. Dereva amelewa. Ada haikulipwa, kwani bila ada hakuna bima. Gari lina bima ya matumizi binafsi lakini lilikuwa limebeba abiria kwa nauli. Michomoko mingi ya Kasulu na Uvinza iko kwenye hatari hii na wenyewe hawajui. Kuchelewa kutoa taarifa. Uongo kwenye fomu ya madai.

Kampuni kumkataa mteja wake si lazima iwe na maana kwamba aliyeumizwa naye amekataliwa. Kwa vifo na majeraha, Sura ya 169 inailazimisha kampuni, katika hali nyingi, kulipa kile mahakama ilichoamua dhidi ya mteja wake na kisha imdai mteja. Ndiyo maana kampuni inapaswa kupewa notisi ya kesi mapema. Usifungue kesi kimyakimya ukaja kuitaarifu bima baada ya hukumu.

Nitajuaje kama stika yake ni halali?

Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Utaona kampuni na tarehe ya kuisha. Fanya hivyo palepale, mbele ya dereva mwenyewe.

Aliyenigonga hana bima kabisa.

Ukiwa na bima kubwa, tumia yako. Ukiwa na ndogo, unamdai yeye na mwenye gari, kwa makubaliano ya maandishi au mahakamani. Katika msururu angalia pia kama kuna mkosaji mwingine mwenye bima.

Lori lililonigonga ni la Burundi au Kongo. Nitampata wapi?

Mizigo ya bandari ya Kigoma na njia ya Manyovu inaleta malori mengi ya nje, na madereva wake wamezoea kuendesha upande wa kulia. Lori la nje linatakiwa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayovuka mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imeendelea kuwa kwenye mpango huu. Piga picha kadi pande zote mbili, namba yake, tarehe zake, na nchi zilizotajwa. Dai linashughulikiwa hapahapa nchini kupitia ofisi ya taifa ya mpango huo, kwa hiyo huna haja ya kwenda Bujumbura. Fanya hivyo kabla lori halijaruhusiwa kuondoka, kwa sababu likishavuka mpaka kila kitu kinakuwa kigumu.

Na likiwa gari la serikali?

Toa taarifa kwa taasisi husika kwa maandishi. Kabla ya kuishtaki serikali ni lazima utoe notisi ya siku 90, na hilo linahusu halmashauri pia. Wengi wanafungua kesi bila notisi na inatupwa.

Nilikuwa abiria tu. Namdai nani?

Yeyote aliyekosea, hata kama ni dereva uliyepanda naye, na wakiwa wawili unaweza kuwadai wote. Abiria hana la kujibu kuhusu umbali wala breki. Kama bima ya gari ulilopanda inakugusa, hilo linategemea mkataba wake. Mabasi na daladala huwa zinatakiwa kuwa na bima inayohusu abiria. Tunza risiti za matibabu na nauli, hata ya bodaboda ya kwenda kliniki.

Dereva anasema tumalizane hapahapa. Nikubali?

Kwa mkwaruzo kati ya magari mawili, huenda. Kwa msururu, nashauri ukatae, kwa sababu mnayemalizana naye pengine siye mkosaji, na uharibifu wa chini ya gari hauonekani kwa macho. Mkikubaliana hata hivyo, andikeni: tarehe, pleti namba, kiasi, kinahusu uharibifu gani, mashahidi wawili. Na usikubali kwa niaba ya abiria wako. Majeraha yao si yako kuyasamehe.

Nina muda gani wa kudai?

Kwa bima yako, fuata muda ulioandikwa kwenye mkataba. Toa taarifa siku hiyohiyo ikiwezekana. Kwa kesi ya uzembe dhidi ya aliyekugonga, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inakupa miaka 3. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo.

Kampuni inanizungusha, au kampuni mbili zinarushiana mpira. Niende wapi?

Hili la kurushiana ndilo ugonjwa mkubwa wa ajali za msururu. Kampuni ya Probox inasema subiri ya Canter, ya Canter inasema subiri polisi, na wewe gari liko gereji Gungu unalipia maegesho.

Anza kwa barua moja kwa kampuni zote zinazohusika, kila moja ikiona imenakiliwa kwa nyingine. Eleza vishindo kwa mpangilio, ambatisha picha na ramani ya ajali, sema ni kishindo kipi unakidai kwa nani na kiasi gani, na omba jibu la maandishi lenye sababu. Barua ya namna hii inaondoa nafasi ya kujificha nyuma ya mwenzake. Usipojibiwa au ukikataliwa bila sababu ya maana, peleka malalamiko TIRA kupitia ofisi yao ya kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye huduma yake ni bure kwa mlalamikaji. Utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwenye kampuni yenyewe, kwa hiyo peleka nakala ya barua yako ikiwa na muhuri wa kupokelewa.